Uvimbe wa "Huku Chini"

Alhamisi, Kericho

Si saratani. Naandika tena nijionee: si saratani.

Miaka kumi na tano nahoji wanasiasa bila kupepesa macho, na leo nikamwambia daktari nina uvimbe "huku chini". Akainama kuangalia goti langu.

"Chini wapi, mama?"

"Kwa uke, daktari. Mlangoni, kushoto."

"Sasa hiyo ndiyo ripoti."

Alinipima: mrija wa tezi inayolainisha uke umeziba, maji yakajaa ndani. Akanidunga ganzi, akapasua kidogo, akaacha mpira mwembamba wa kutolea maji. Nitakaa nao wiki nne.

Nimempigia mume wangu, yuko nyumbani Kiptere. Wiki tatu nilimficha, nikawa nalala nimempa mgongo.

"Kumbe ni hiyo," akasema. "Mimi nilidhani umenichoka."

Nimecheka hadi ganzi ikaisha.