Mume Wangu Anaogopa Kutua Mzigo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla kitanda chetu hakijafika sakafuni, maana mguu mmoja umeshakatika na nimeuwekea matofali. Mume wangu alivunja mawe machimboni tangu ujana wake mpaka alipostaafu juzijuzi, na huko alijifunza jambo moja ambalo sasa linatumaliza: kwamba mwamba wa chini kabisa, uliokandamizwa na udongo na mawe mengine, hukaa mzima miaka na miaka, lakini wakishauondolea mzigo wa juu unavimba kidogo, halafu unapasuka wenyewe hata nyundo haijaugusa. Sasa yeye anasema kustaafu ndiko kuondolewa mzigo, na asipojikandamiza atapasuka, kwa hiyo akiketi anapakata jiwe, akilala anajiwekea gunia la kokoto kifuani, akienda chooni anabeba begi la mawe mgongoni, na magoti yake akiinuka yanalia mpaka jirani ameniuliza ni kabati gani tunalolisogeza kila asubuhi. Mkwe wetu alipokuja kutusalimia alimkuta na jiwe lake mapajani, akaambiwa, "Karibu baba, nisamehe sisimami, nimekaliwa," na yule kijana wa watu akatazama ukuta mpaka chai ikapoa.

Jumapili gunia lilichanika, akaniomba nimkalie mapajani badala ya gunia, nami nikakaa, mshauri, sitadanganya, tukazungumza vizuri mpaka nikasahau kuwa nimekalia mtu, lakini mimi si mwepesi na goti lake la kushoto limevimba kama boga. Sasa binti yetu amejifungua mtoto wa kwanza na ananiita nikamsaidie, na nilipomwambia mume wangu akanishika mkono akasema, "Mama watoto, wewe ndiye mzigo wangu mkubwa, ukiondoka napasuka." Sijui nimesifiwa au nimetukanwa. Nikienda naogopa kumkuta vipande, nisipokwenda mwanangu hatanisamehe. Nifanyeje?

Ni mimi fundi cherehani, ninayelala kando ya kokoto.

Fundi, pole sana, lakini umenikasirisha. Mtu mwenye magoti yanayolia anakuomba umkalie, nawe unakusanya gauni lako unakaa?

Kuhusu mwamba mumeo hajakosea, anaujua kuliko mimi. Ila mwamba ukipata ufa hakuna anayeutuma dukani. Goti linatumwa. Goti ni kama bawaba: mlango ukiizidi uzito, bawaba inalegea, mlango unaburuza sakafu, na sijaona fundi anayeutibu kwa kuutundikia jiwe. Lakini usije ukamlaza kitandani eti apumzike. Wewe mwenyewe unajua cherehani ikikaa muda mrefu bila kushona mafuta yanaganda na gurudumu linagoma. Viungo vyake vinataka kutembea, kidogo kidogo, bila begi mgongoni, baada ya daktari kuliona hilo boga. Mpeleke kesho, usiniletee habari za wiki ijayo.

Sasa sikia. Huyu mzee alizoea kuamka akijua kuna watu wanamsubiri, siku hizi anaamka na hakuna anayemsubiri, na anaogopa. Hana lugha ya kulisema hilo ila ile ya machimboni. Na lile neno la mzigo mkubwa ni sifa, mama, ila ameifunga kwenye karatasi mbaya. Mwambie umelipokea.

Kwa binti nenda, tena nenda naye. Kokoto zipunguze ndoo moja moja, asishtuke. Mkifika, mpeni mjukuu apakate. Huo ni mzigo halali, mwepesi kwa goti, na unaongezeka wenyewe bila mtu kwenda machimboni. Mtoto akilia, babu ndiye atembee naye uani mpaka anyamaze, na pasiwe na wa kumpokea haraka.

Jiwe libaki nyumbani. Akipasuka njiani niandikie, nitakuja mwenyewe na toroli.