Kutengua Ushauri Wangu Kuhusu Chanjo ya Surua

Kwa mke wangu mpendwa, Mama Halima,

Pokea salamu zangu za heshima, na uwafikishie wazazi wangu shikamoo. Mimi ni mzima. Je, kifua cha Baba kimetulia na baridi hiyo ya Lushoto? Na Halima ameshasimama dede?

Barua yako imeninyima raha. Waniarifu kwamba surua imeingia Mombo, hapo chini bondeni, na kwamba ushauri wangu wa barua iliyopita uliusoma kwenye foleni ya bomba, akina mama wakashangilia, "Baba Halima kashasema, nani tena apande mlima hadi zahanati?" wakarudi na watoto wao bila chanjo.

Kosa ni langu. Kama ujuavyo, baada ya kupunguzwa kazi shamba la chai nilipata uhudumu katika ofisi hii ya Dar es Salaam, ambamo Daktari mmoja, mwanamama, hupiga hesabu za mwendo wa surua. Nikimpelekea chai na barua zake nilimsikia akisema kwamba watoto wengi wakichanjwa, hata asiyechanjwa husalimika. Ndipo nilipoharakisha kukuandikia kwamba chanjo za watoto wa majirani zitamtosha Halima.

Juzi nilithubutu kumwuliza, "Na kila nyumba ikitegemea jirani?"

Akacheka. "Mzee wa barua, keti."

Akamwaga mezani maharage yale uliyonitumia. Meupe yawe waliochanjwa, mekundu wasiochanjwa. Surua ikaruka kutoka jekundu hadi jekundu. Ilipozungukwa na meupe, safari ikaishia hapo. Nikauliza mbona hutulia miaka kadhaa kisha ikarudi. Akasema hungoja wazaliwe watoto wapya. Nilistaajabu mno.

"Sasa ondoa meupe ya kijijini kwako," akaniambia.

Nikaondoa, nikaondoa, yakabaki mekundu matupu.

"Na wako ni yupi hapo?"

Nikamwomba karatasi nikuandikie.

Kwa hiyo nakuomba kwa unyenyekevu: upatapo barua hii, mbebe Halima upande zahanati siku hiyohiyo. Ukirudi, isome palepale bombani, kwa sauti ileile, na usiruke neno ili kunisitiri.

Msalimie mama mkwe wangu, na shemeji apelekaye kabichi Mombo. Mwambie kwa sasa asishuke na watoto garini. Nijibu upesi, hata mstari mmoja tu: kwamba Halima amechanjwa.

Ni mimi mumeo, niliyekosea kwa mwandiko mzuri,

Baba Halima