Shati la Mbishi

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko kwenye baridi? Mimi mzima, ila goti linanisumbua na cherehani nayo imeanza kukohoa kama mimi. Habari kubwa ni kwamba mdogo wako, Mbishi wetu, wamempeleka mstari wa mbele. Alipiga simu akawa anachekacheka tu, nikajua mambo si shwari. Fulana za kuzuia risasi hazitoshi. Wanavaa kwa zamu, anayetoka anamvulia anayeingia.

Juzi kwenye televisheni nimewaona mawaziri, wetu na wa huko uliko, wakisaini mkataba wa msaada. Walipeana mikono weee, nikadhani wamegandishwa kwa gundi. Sasa mwanangu atavaa ile mikono? Si ni kiwanda chako kilichotajwa? Waambie waharakishe.

Na usisahau desturi ya nyumba yetu. Nguo ya msafiri haifungwi fundo la mwisho. Unaacha uzi unaning'inia, mwenyewe akirudi ndipo unaufunga.

Mama yako

22 Machi

Mama, shikamoo.

Pole na goti, likande kwa maji ya moto. Afya ninayo, usingizi ndio sina. Ndiyo, ni kiwanda chetu. Mwaka jana tulikuwa tunashona mabegi ya shule, sasa ni fulana tu kutwa nzima. Mabamba ya chuma yanatengenezwa huko nyumbani, kitambaa ni cha hapa, vinakutana mezani kwetu. Mimi nashona mfuko wa kifuani, ule unaoshika bamba.

Sijui ni ipi itakayomfikia Mbishi. Basi nimeziachia uzi zote, Mama. Hakuna hata moja niliyoifunga fundo. Msimamizi ananisifu kwa kasi, masikini, hajui lolote.

Binti yako

9 Mei

Mwanangu,

Mbona kimya hivyo? Unaumwa? Huku tupo, tunahangaika. Mzigo haujafika! Redio inasema fulana zimezuiwa hukohuko kwa sababu ya ushonaji mbovu. Mbishi bado anavaa kwa zamu. Hivi ni mzembe gani huyo? Ningempata ningemzaba makofi mpaka asahau njia ya kwao.

Mama yako

20 Mei

Mama, shikamoo.

Sijui hata nianzeje kukuuliza hali. Huyo mzembe ni mimi.

Wakaguzi walikuja, na ofisa mmoja kutoka nyumbani. Akaivaa fulana, akarukaruka kidogo. Mshono ukafumuka, bamba likaanguka sakafuni mbele ya wakubwa wote. Akasema kwa lugha yetu, "Hii ingeua mtu." Nilitamani ardhi inimeze.

Nilikiri palepale. Hawakunifukuza, wanahitaji mikono. Tunazishona upya na kila fundo nimelikaza kwa vidole vyangu, huku nikihisi namfungia Mbishi mlango wa kurudi. Kama kuna lililompata wakati anasubiri, usinifiche.

Binti yako

30 Juni

Mwanangu,

Futa machozi. Yale makofi nimejizaba mwenyewe. Desturi yangu ni ya mashati, na sikukwambia hivyo.

Mzigo umefika. Mbishi alipata ruhusa fupi, akaja amevaa fulana, anajiona waziri! Alipokuwa anaoga niliigeuza ndani nje. Kila kitu kimekazwa. Nilishika sindano nifumue fundo moja tu. Nikalikumbuka lile bamba lililoanguka sakafuni, nikairudisha sindano mahali pake.

Basi nikamshonea shati la kuvaa ndani, nikaacha uzi kwenye pindo. Akaanza ubishi wake, "Mama, huu uzi unanitekenya." Nikamwambia tekenywa tu, baba. Kesho yake akaondoka.

Mama yako

15 Agosti

Mama, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu bila jibu, na simu yako haipatikani. Hapa wamesaini mkataba mwingine, eti tutajenga kiwanda cha ubia huko nyumbani. Watu wamepiga makofi, mimi nimetoka nje. Kila gari la posta likipita naacha mashine nachungulia dirishani. Niandikie hata neno moja, Mama. Nakuomba.

Binti yako

11 Septemba

Mwanangu,

Nisamehe. Nilikuwa hospitali, nalala sakafuni chini ya kitanda cha mdogo wako. Yu hai. Soma tena: yu hai.

Daktari alinipa ile fulana. Bamba limebonyea pale kifuani, lakini mfuko wako umelishika, haukuachia hata uzi mmoja. Nimeubusu ule mshono mbele za watu, wakadhani nimechanganyikiwa. Ila fulana haina mikono, mwanangu.

Jana tumerudi nyumbani. Lile shati nimelifua, uzi wa pindo nimeufunga fundo. Halafu nikaukata mkono wa kushoto juu ya kiwiko, nikaushona mdomo.

Mwenyewe kalivaa, anabisha eti nimekata mno.

Mama yako