Babu Hakuwa na Kovu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wifi naye anaendelea vizuri na ujauzito wake. Mwambie asipandepande ngazi, na wewe uache kumpikia vyakula vyako vya majaribio. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, likishapata moto linamwachia. Mimi nakula, nalala, naenda kazini. Ukiniuliza najisikiaje, nitakuambia hivi. Nimekuwa kama mkono uliolaliwa: unauona uko palepale, lakini huusikii.

Barua yako ya kumwomba Mama jina la mtoto ilifika zamani, na najua unadhani tumekupuuza. Mama alisema nisubiri, anafikiri. Sasa jina amelipata na amenituma nikuandikie, ila siwezi kukuandikia jina peke yake. Nivumilie.

Unakumbuka alivyokukatalia jina la Babu. Alipozaliwa mwanao wa kwanza ulitaka kumpa hilo, na Mama akasema mpe jina lolote, hata la jirani, lakini la baba yake hapana. Tukadhani ni aibu ya watu. Shuleni habari zake zilikuwa mistari miwili: wakati wa ugonjwa mkubwa mkuu wa mji alifunga daraja, na waliobaki ng'ambo, wagonjwa kwa wazima, wakafa kwa wingi. Darasani hakuna aliyejua kwamba ni babu yetu, lakini mwalimu akikaribia ukurasa ule wewe ulikuwa unaomba ruhusa kwenda chooni.

Basi wametengeneza filamu juu yake, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mekapu. Usiruke kwenye kiti. Waliniita kazini, sikuwaambia mimi ni nani, nao hawakuuliza.

Mwongozaji ni mtu mpole, anavaa kandambili hata mvua ikinyesha. Alikuwa amesoma sana. Alijua kwamba Babu alikuwa mfupi, msafi, mwenye mafua yasiyopona, na kwamba alivaa sweta lilelile la kijivu mwaka mzima. Akatuambia yote hayo ni kweli na hayatufai, kwa sababu mtazamaji hawezi kumchukia mtu mwenye mafua. Wakamvua sweta, wakamvisha koti jeusi la kufika chini. Wakampa kovu kutoka kwenye jicho mpaka kidevuni, kicheko cha kutingisha kuta, darubini ya kuwatazamia wanaokufa huku anakula zabibu, na mbwa mkubwa wa kukodi. Yule mbwa alikuwa mzee, kila wakisema tayari yeye analala. Na mwigizaji, tuliyemwita Mjomba kwa wema wake, alimwogopa hata akiwa amelala. Akimaliza kuamuru watu watupwe mtoni, alikuwa ananiomba taratibu nimpulizie jicho, gundi imemwingia.

Babu hakumtupa mtu mtoni. Hakuwa na haja.

Kovu nililijenga kila asubuhi kwa nta na gundi, nikifuata picha niliyopiga kwa simu siku iliyotangulia. Mara moja nilimpiga Mjomba picha akiwa amegeukia kioo, nikapata sura iliyo kiooni, na kesho yake nikaifuata hiyohiyo. Kovu likahama shavu. Tulipokuja kugundua, daraja la mbao tulilopigia picha lilikuwa limeshabomolewa. Mwongozaji akacheka, akasema watu watakuwa wanatazama damu, nani atahesabu mashavu.

Mama aliona tangazo ukutani karibu na duka la dawa. Akataka nimpeleke. Nilimwambia tiketi zimekwisha, nikamwambia goti, nikamwambia ukumbi una baridi. Akavaa viatu akaketi karibu na mlango, nikaona nimeshindwa. Tukaenda kwenye onyesho la mchana walilotutengea wafanyakazi na ndugu zetu. Nilikuwa namwogopea, Kaka. Niliogopa atasimama kati ya watu na kusema yule ni baba yangu.

Mwanzoni alinishika kifundo cha mkono, akakaza. Alipotokea mbwa, mkono ukalegea kidogo. Zilipokuja zabibu akaniuliza, na sauti yake unaijua, baba yake angezitoa wapi zabibu wakati ule. Kilipofika kicheko akaniachia kabisa. Na kovu lilipohamia shavu la pili, Mama alicheka mpaka watu wakageuka kututazama. Ukumbi mzima hakuna aliyeliona ila yeye. Akaniambia mtu mwenye kovu linalotembea hawezi kuwa baba wa mtu.

Tuliporudi nyumbani hata chai hakunywa. Alifungua sanduku lake, akatoa shuka zote, akatoa ile picha ya Babu iliyokuwa inalala kifudifudi chini kabisa tangu hatujazaliwa. Akaifuta kwa pindo la gauni na kuniambia nigongelee msumari sebuleni. Nikiwa juu ya kiti, nyundo mkononi, akaanza kunisimulia, kwa sauti nyepesi tu, kama anayezungumzia bei ya sabuni.

Alisema siku lilipofungwa daraja yeye alikuwa mezani na baba yake, wanakula chakula cha mchana. Watu wakaja wakasimama mlangoni, wakasema ugonjwa umefika sokoni ng'ambo, je, wafunge sasa au wangoje jioni waliokwisha kuanza safari wavuke. Dada yake, yule mama yetu mkubwa tuliyeambiwa tu kwamba alikufa mdogo, alikuwa ng'ambo kwa shangazi yao. Alitakiwa arudishwe alasiri ileile. Babu alijua, maana yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka. Akapenga kamasi, akasema fungeni, kama mtu anayeona dirisha linapitisha baridi. Halafu akaomba chumvi. Mama anasema alimtazama akila mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Kisha Mama akasema hivyo ndivyo alivyodhani ameona, na amelibeba jambo hilo maisha yake yote, lakini alikuwa mtoto, na watoto huchanganya mambo. Sasa aliyefunga daraja tumemwona wote. Baba yake hakuwa na kovu, hakuwa na mbwa, wala hakucheka namna ile. Akaniomba nipandishe msumari juu kidogo.

Tangu siku hiyo analala vizuri. Anaimbaimba akiosha vyombo. Asubuhi anaipa picha salamu kabla yangu.

Kaka, lililobaki hakuna anayelijua. Kovu halikuwa wazo la mwongozaji. Siku ya majaribio walimketisha Mjomba mbele ya sahani, bila koti, bila rangi yoyote usoni, wakamwambia ale. Akainamisha kichwa, na pale pale nikamwona Babu wa ile picha niliyokuwa nikiichungulia utotoni. Na si Babu peke yake. Wewe ukila unainama vilevile, na mimi pia. Nikamfuata mwongozaji, nikamwambia sura ile ni laini mno, tumpe kovu. Alifurahi sana, akasema nina kipaji.

Sikutaka kumwona mtu anayefanana na sisi, basi. Nililiweka kovu kwa ajili yangu, na Mama naye limemfaa. Ningeweza kumwonyesha kopo la nta, lipo hapa mezani. Lakini sijamwonyesha. Mtu ametua mzigo uzeeni, nitamwambiaje aubebe tena? Wapo wanaosema Babu aliuokoa mji kwa kufunga mapema. Huenda. Nikilifikiria hilo sisikii chochote, na hilo ndilo linalonitisha.

Basi jina ni hilo, la Babu. Unalijua, siliandiki, mkono wangu haujakubali. Mama anasema mpe mtoto bila woga, umjibu upesi kwamba umempa. Mimi sikushauri, ila usimjibu kabla hujakaa na wifi. Mkimpa, mjue mmempa jina la yule wa sweta aliyeomba chumvi. Yule wa mbwa hajawahi kuwepo.

Nisalimie wifi sana, na mwanao mkubwa umwambie shangazi yake anamkumbuka. Mama anakusalimu. Yupo hapa nyuma yangu, mkono wake begani kwangu, hana miwani kwa hiyo hasomi. Anauliza kama nimeshafika kwenye jina.

Nimemwambia nimefika.

Mdogo wako akupendaye,
Kidole