Jina Lako la Njiani

Mume wangu Yohana,

Najua wamekukataza kuitwa hivyo. Nakuita. Nimekulea, nimekuita mume wangu tangu hujaota meno, na sioni wa kunipangia utani na mjukuu wangu.

Anayeandika ni jirani yangu Mama Rehema, maana kalamu mimi naijua kwa kuiona tu. Nimemwambia asirembe. Akimaliza ataipiga picha barua hii aitume kwenye makundi yote ya simu: la kanisani, la wakulima wa tumbaku, mpaka la nyie mnaosoma mashairi Tabora mjini. Kwa nini nataka isomwe na wote, utajua mwishoni.

Unakumbuka bani letu, lile banda la kukaushia tumbaku huku Sikonge? Ulikuwa na miaka sita, unanipokeza majani, mara ukasimama ukakohoa kama mchungaji:

"Bibi ana jino moja, la pili liko safari,
akicheka kuku wote wanadhani ni hatari."

Nilikurushia kandambili. Halafu nikakwambia, "Rudia." Ukarudia mpaka jioni.

Ulipokua ukawa unaitwa kwenye harusi na misiba. Mama yako, mwanangu wa pekee, alipofariki, watu wakakusubiri useme. Ulisimama kando ya kaburi ukafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nilikushika mkono nikakurudisha kwenye mkeka. Ni siku ile ile yule bwana mwenye bangili ya shaba alikujia akakwambia wao wana maneno yasiyokauka. Nilimsikia. Nilikuwa naosha sufuria, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Ukaingia kwenye chama chao cha siri. Uliporudi kunisalimia ulikuwa umenyolewa, una chale mbichi kwenye kifundo cha mkono. Nikasonga ugali, hukuugusa. Nikakuita mume wangu, ukatazama chini. "Bibi, usiniite hivyo. Nimekatazwa." Mashairi je? "Ya huko siwezi kusomea watu wa nje." Yohana, mimi ni mtu wa nje?

Jana asubuhi bwana yule yule alikuja na pikipiki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Aliyekutuma hana miguu?"

Akacheka kidogo. "Yohana yuko ndani kwetu, hatoki mpaka amalize mafunzo. Anaomba lile jina ulilompa alipozaliwa."

"La nini?"

"Litawekwa mahali salama."

"Kwenye kibuyu?"

"Kumbe bibi unajua mambo."

"Najua vibuyu. Ninacho kimoja cha maziwa, kinavuja."

Hapo hakucheka. Akasogeza kigoda karibu, akaongea polepole. Ukinipa jina, alisema, tunalifunga, mjukuu wako atakuwa wetu moja kwa moja, atatunga mpaka azeeke. Mwezi ukiandama bila jina, sauti yake inakatika. "Na usimtajie mtu mwingine yeyote. Likishasikika nje halifai tena. Kesho saa nne nalifuata."

Leo nimemwaga uji mara mbili. Sikufichi, nilitaka kumpa. Nilikuona pale kaburini mdomo wazi, na sitaki kukuona hivyo tena.

Basi nisikilize. Mama yako alishikwa na uchungu tukampakia kwenye baiskeli, babu yako anasukuma, mimi nashika mgongo wake. Tulipofika kwenye barabara ya zamani, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu, akasema, "Mama, hapa hapa." Nikatandika kitenge mchangani. Nilikupokea kwa mikono hii. Kwetu anayempokea mtoto njiani ndiye humpa jina, na mwenyewe haambiwi mpaka apate mtoto wake. Ulinisumbua sana. "Bibi, niambie." Nami nakujibu, "Zaa kwanza." Tukacheka miaka yote hiyo, kumbe nimewawekea wale watu kitu cha kuwinda.

Sijui kama kibuyu kinaweza kufunga jina la mtu. Ninachojua ni kwamba wewe unaamini, na hofu hiyo ndiyo imekukalisha humo. Lakini bwana wao amenipa mwenyewe dawa yake: likishasikika nje halifai.

Unaitwa Nzila. Kwa Kinyamwezi chetu ni njia. Nzila mwana wa barabarani, uliyelia kabla sijakufuta uso.

Nyote mnaosoma, mkimwona mjukuu wangu sokoni, stendi, popote, mwiteni Nzila kwa sauti kubwa. Watoto nao waambieni.

Sasa mume wangu, hawana cha kufunga. Toka. Kama sauti itakatika, ikatikie hapa kwangu, unakula. Nitakughania mimi lile shairi la jino, ingawa jino lenyewe limeshang'oka na itabidi ulitunge upya.

Mama Rehema anasema ni saa nne kasoro. Nasikia pikipiki kule kwenye mchanga. Ngoja nisimame mlangoni, nimwamkie kwa jina lako kabla hajazima injini.

Ugali upo jikoni, nimeufunika.

Mimi mkeo wa kwanza,
bibi yako niliyekuokota njiani.