Udongo Mchachu wa Itaka

Itaka, Mbozi
11 Agosti 1996

Mwanangu Recho,

Bwana asifiwe. Natumaini kifua kimekuachia na kazi ya maabara inakwenda vizuri. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti na baridi hii.

Maharage yamenigomea tena. Yalitoa maua, yakageuka njano, yakaishia hapo. Sasa baba yako mdogo Osea ameita kikao cha ukoo. Anasema tangu marehemu baba yako atutoke bustani ya bondeni haizai, mkono wangu ni mkavu. Alisema mbele ya watu wote, "Shemeji, ardhi imekukataa." Wamenipa msimu mmoja. Nisipovuna, bustani inarudi kwao, nami nirudi kwa kaka yangu kule Ikinga. Usiku nilijiuliza kama ni kweli.

Deus wa lori la kahawa atakuletea udongo wa bustani uupime. Nimechimba huku na huku kama ulivyonielekeza, nikachanganya kwenye ndoo safi na kuuanika kivulini.

Mama yako,
Conjesta

Mbeya
3 Septemba 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na magoti. Jifunge kanga ya moto jioni. Mimi kifua kimepona kabisa.

Majibu yametoka, na hayasemi chochote juu ya mkono wako. Udongo umekuwa mchachu. Kipimo cha uchachu kinasoma nne na nusu, na maharage yanataka kuanzia tano na nusu; namba ikishuka, uchachu umezidi. Kwenye uchachu huo mizizi inaungua. Ng'oa shina moja utaona: mifupi, minene, kama imekatwa. Fosforasi ni kidogo, na hiyo iliyopo imeshikwa na udongo, mmea hauipati. Potasiamu inatosha, kwa hiyo usiongeze majivu kwa kubahatisha.

Kilichouchachua ni ile mbolea nyeupe ya SA, aliyoweka baba kila mwaka tangu enzi za ushirika. Iache. Nakutumia chokaa ya kilimo ya kupunguza uchachu kwa Deus, mifuko minne kwa robo ekari ile. Imwage sasa, uifukie kwa jembe, ungoje mvua. Samadi iliyooza iweke baadaye, zisikutane siku moja maana nguvu ya samadi itapotea hewani. Wakati wa kupanda, weka mbolea ya fosfeti kidogo chini ya mbegu.

Nakuja mwisho wa mwezi na karatasi ya maabara. Nitaisoma mbele ya baba mdogo na kikao chote.

Mwanao,
Recho

Itaka
10 Septemba 1996

Mwanangu Recho,

Nimepokea barua na chokaa, Mungu akubariki. Niling'oa shina, nikaiona mizizi. Nilikaa pale shambani nikalia, lakini si kwa huzuni. Miaka mitatu nimekuwa nikiitazama mikono yangu.

Lakini usije na karatasi. Ukiisoma, watu watasikia kwamba marehemu ndiye aliyeharibu bustani. Baba yako aliweka alichoelekezwa na mabwana shamba, na mazao ya mbolea hiyohiyo ndiyo yaliyokusomesha. Sitaki jina lake lijadiliwe kwenye kikao, wala Osea asikie aibu ya kaka yake kutoka kinywani mwako. Niache nilime.

Jirani yangu Tumpe amenisaidia kufukia. Watoto wanaopita wanacheka kwamba mama Recho anapanda unga.

Mama yako,
Conjesta

Mbeya
16 Februari 1997

Mama,

Shikamoo. Sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako tangu Septemba, na Deus amehamia njia ya Tunduma. Nasikia mvua huko imezidi. Je, bado uko nyumbani, au wamekupeleka Ikinga? Kama ni chokaa iliyoshindwa, niambie. Mimi ndiye niliyekushauri, na sipati usingizi.

Mwanao,
Recho

Itaka
23 Machi 1997

Mwanangu Recho,

Bwana asifiwe. Nisamehe ukimya. Mvua ilikata barabara, na kusema kweli niliogopa kuandika kabla sijaona.

Nimevuna. Si bustani nzima. Upande wa kijito maji yalisimama, nikapoteza. Kwingine maharage yamejaza maganda. Tumpe alikuja kunisaidia kupura, tukapura hadi mikono ikauma.

Juzi Osea alikuja peke yake. Alizunguka bustani, akachuma ganda, akalipasua, akahesabu punje. Mahindi yake mwaka huu yamedumaa, majani yana rangi ya zambarau. Naye bado anaweka SA. Nikamweleza kuhusu chokaa, na kwamba apimishe kwanza udongo wake. Nilisema tu kwamba mbolea ile ikizoeleka inachosha ardhi. Baba yako sikumtaja.

Kisha akasema, "Shemeji, siku ile nilisema ardhi…"

Hakumaliza, nami sikumdai amalize. Nilimjazia kikapu cha maharage, akakibeba mwenyewe hadi kwake, mchana, watu wakimwona.

Mama yako,
Conjesta