Baba Anapendelea Nini

Zaragoza, Hispania
12 Novemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Naandika kwa kuwa kwenye simu tunapigiana kelele tu na husikii kitu. Mimi ni mzima, ila baridi inanitesa.

Kazi ya kulea wazee naiweza, lugha ndiyo inayonishinda. Jioni tunasoma Kihispania, na wiki hii tunajifunza kusema tunachopenda. Hawa watu hawasemi "napenda chai". Wanasema "me gusta", yaani chai inanipendeza. Chai ndiyo inayofanya kazi, wewe umekaa tu. Kila asubuhi lazima nimuulize bibi Pilar ninayemlea anapendelea maziwa au kahawa, dirisha wazi au limefungwa. Nisipouliza nagombezwa.

Basi nakuuliza na wewe. Kaka Mathias anataka uhamie kwake mjini Chanji, nyumba ya Mwazye iuzwe, maana tangu mama afariki unaishi peke yako. Wewe unapendelea nini?

Mwanao,
Dominika

Mwazye
7 Januari 2024

Mwanangu Dominika,

Marahaba. Huku tunaendelea, mvua si haba, mguu unauma zaidi jioni. Pole na hiyo baridi, vaa sweta mbili.

Barua yako imenichekesha. Wahispania wana muda. Tangu lini mtu amewekewa ugali wa ulezi akaulizwa kama unampendeza? Mama yako hakuwahi kuniuliza, na nilishiba.

Habari ya Chanji, mwambie kaka yako kwangu ni sawa tu. Ninyi ndio mnaojua. Jana nilipalilia kaburi la mama yako hapa kando ya nyumba, halafu nikakaa barazani mpaka jua likazama. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika magotini.

Mimi baba yako

Zaragoza
3 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Nakuombea uzima, ingawa mwenyewe leo sina amani.

Barua yako ilipofika nilimpigia kaka hapohapo, nikamwambia baba amekubali. Leo mwalimu ametufundisha "me da igual", maana yake kwangu ni sawa tu. Akatuonya sisi tunaolea wazee: mzee akisema hivyo muulize tena, wengi wanaogopa kusumbua watu. Nikarudi chumbani nikaisoma barua yako upya. Umesema sawa tu, kisha ukanieleza kaburi, baraza na mahindi.

Baba, nimekuwa mjinga. Bibi wa watu namuuliza hadi habari ya dirisha, baba yangu nimempita. Kaka hapokei simu. Nijibu upesi na usinionee haya. Kubaki au kuhama? Anza na neno "napendelea".

Mwanao aliyekukosea,
Dominika

Chanji
26 Mei 2024

Mwanangu Dominika,

Nimepokea salamu zako, marahaba. Mimi mzima wa kiasi. Barua yako ilienda Mwazye, ikakaa parokiani, ndipo katekista Isdori akaniletea huku. Nilikuwa nimeshahama. Nyumba amenunua Masanja, yule Msukuma mwenye ng'ombe.

Umetaka nianze na neno lako. Nilikuwa napendelea kubaki. Sikulaumu. Niliogopa mngesema mzee ni mkaidi, halafu mnitupe.

Hapa sikosi chakula. Jenifer, mke wa kaka yako, ananiheshimu. Asubuhi wote wanakwenda kazini, nami nabaki na televisheni nisiyoisikia. Huzuni imenikaa, sikufichi.

Juzi nilipanda gari nikaenda Mwazye kusalimia kaburi. Masanja alinikaribisha maziwa, akanikalisha kwenye baraza langu kama mgeni. Akaniuliza kwa sauti kubwa, "Mzee, hapa kaburini ungependa tufanyeje?" Dominika, machozi yalinitoka mbele ya watoto wake. Alivumilia mpaka nikatulia, nikamwambia ningependelea azungushie uzio wa miti, na upande wa kulia abakize nafasi ya mtu mmoja. Alikata miti siku ileile. Ameniahidi ng'ombe hawatakanyaga.

Kaka yako simwambii, atasema najitabiria mabaya. Mwambie wewe, siku ikifika asinizike mjini. Na safari hii usimwambie kwamba kwangu popote ni sawa tu.

Mimi baba yako